Bastola inapiga chini kushoto: je, nikate kilengeo?

SWALI: Mtaalamu, nina rivolva ya .38 Special yenye mtutu wa inchi 4. Vilengeo vyake ni vile vya kudumu: kibapa mbele na mfereji uliochongwa juu ya fremu nyuma, hakuna skrubu ya kurekebisha chochote. Natumia mkono wa kulia. Kwa mita 15 inapiga kama sentimita 8 chini na 5 kushoto, na karibu kila nikimaliza silinda kuna risasi moja inayokimbia kabisa kundi. Natumia risasi za greni 110 (uzito wa kichwa cha risasi) kwa sababu teke lake ni dogo. Rafiki yangu anasema nipunguze kilengeo cha mbele kwa tupa. Nikate milimita ngapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu uliyoomba nitakupa sasa hivi, maana si siri. Chukua kiasi ambacho risasi imekosa, zidisha kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Rivolva ya mtutu wa inchi 4 huwa na kama milimita 150 kutoka kwenye pengo la nyuma, yaani ule mfereji wa juu ya fremu, hadi kibapa cha mbele. Milimita 80 mara 150, gawa kwa 15,000, unapata 0.8. Chuma cha unene huo tupa inakimaliza kwa dakika chache, na ndiyo maana nakuomba uifungie kabatini kwanza. Kukata ni rahisi. Kurudisha kilichokatwa kunataka fundi wa kulehemu, kuchonga upya na kutia chuma weusi upya.

Najua kwa sababu nilishafanya. Nilikuwa na rivolva kama yako, nikaipiga na risasi nyepesi wiki mbili, ikawa inapiga chini, nikakata kibapa hadi ikaingia katikati. Nikafurahi sana. Mwezi uliofuata risasi zile zikaadimika, nikanunua za greni 158, na bastola ikaanza kupiga juu ya kichwa cha shabaha. Bastola ilikuwa sawa tangu mwanzo. Nilikuwa nimeikata mguu ili ilingane na kiatu.

Kwa hiyo tuanze na risasi zako, maana hapo nina shaka kubwa kuliko pengine pote.

Rivolva ya vilengeo vya kudumu imepangwa kiwandani kwa aina moja ya risasi. Kwa .38 Special, risasi ya kawaida kwa miongo mingi ilikuwa ya kichwa cha risasi chenye greni 158, yaani kama gramu 10. Zako za greni 110 ni kama gramu 7. Mtu akisikia hivyo hudhani nyepesi na ya kasi itapiga juu zaidi, kwa kuwa inashuka kidogo ikiwa hewani. Tupige hesabu. Risasi inayotoka kwa mita 230 kwa sekunde hushuka kama sentimita 2 hadi kufika mita 15. Inayotoka kwa mita 300 hushuka kama sentimita 1.2. Tofauti haifiki hata sentimita moja, na hewani kweli nyepesi ndiyo inayoshinda. Ila kazi yote hufanyika kabla risasi haijaonja hewa.

Weka bastola yako, ikiwa tupu, silinda ikiwa imefunguliwa na umeitazama chemba moja moja, juu ya meza. Itazame kwa ubavu. Utaona ncha ya kibapa cha mbele iko juu zaidi ya mstari wa tundu la mtutu kuliko lilivyo pengo la nyuma. Maana yake ni kwamba ukishapanga vilengeo vizuri, mtutu unatazama chini ya shabaha. Waliotengeneza hawakukosea. Baruti inapowaka, bastola huanza kurudi nyuma na kuinua mdomo wakati risasi bado imo ndani ya mtutu. Risasi nzito huenda polepole, hukaa ndani muda mrefu zaidi na kuisukuma bastola zaidi, kwa hiyo hutoka mdomo ukiwa umeshainuka vya kutosha. Risasi nyepesi inachomoka mapema, mdomo ukiwa bado chini. Tunazungumzia muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini kwa mita 15 unaonekana kwa macho kama sentimita kadhaa.

Basi tafuta boksi moja la greni 158 za kawaida, zisizo za nguvu ya ziada, upige kabla ya kufanya lolote. Kama kundi litapanda, zile 0.8 za rafiki yako zimeyeyuka. Kama unazipenda nyepesi kwa ajili ya teke, endelea nazo mazoezini, ila usiichonge bastola kwa ajili yake.

Swali la pili linawaudhi watu, lakini sina budi: unalenga wapi hasa? Wapo wanaoweka kibapa katikati ya duara jeusi, na wapo waliofundishwa kulikalisha duara juu ya kibapa kama chungwa juu ya ukuta. Karatasi ya mashindano ya bastola ya mita 25 ina duara jeusi la milimita 200. Ukilikalisha duara hilo juu ya kibapa kwa bastola iliyopangwa kupiga pale pale inapolenga, kundi lako litaanguka sentimita 10 chini ya katikati, na bastola haina kosa hata chembe. Hujanieleza duara lako lina ukubwa gani. Kama ni la sentimita 16 na unalenga chini yake, umeshajijibu zile 8.

Angalia pia wepesi wa kibapa kung'aa. Kilichochakaa na kuwa cheupe juu hulidanganya jicho: mwanga ukitoka upande mmoja, unaona nusu yake tu na kuipanga hiyo nusu katikati ya pengo. Masizi ya mshumaa ni dawa ya zamani na bado inafanya kazi. Ukiwa na bastola tupu, pitisha kibapa juu ya moshi wa mshumaa hadi kiwe cheusi ti. Kwa umbali kati ya vilengeo wa milimita 150, kibapa kikikaa pembeni kwa milimita moja tu, risasi inakosa kwa sentimita 10 kwenye mita 15. Hiyo 5 yako ya kushoto ni nusu milimita. Nusu milimita!

Sasa wewe mwenyewe. Chini kushoto, kwa mtu wa mkono wa kulia, ni anwani ninayoijua. Kuvuta kifyatulio cha rivolva bila kukoki nyundo huhitaji nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5 hivi, na bastola yenyewe ina uzito wa kama kilo moja. Yaani unavuta kwa nguvu inayozidi mara nne uzito wa kitu ulichoshika. Vidole vingine vitatu vikibana pamoja na kile cha kifyatulio, mdomo unavutwa chini. Kidole kikisukuma kwa pembeni badala ya kuvuta moja kwa moja nyuma, mdomo unakwenda kushoto. Ongeza na ule woga mdogo wa teke, ambao hakuna anayekiri kuwa nao.

Kuna jaribio ambalo halimwonei mtu haya. Nunua risasi bandia za plastiki au alumini za saizi yako. Ukiwa uwanjani, mpe mwenzako bastola, akugeuzie mgongo, apakie tatu halisi na tatu bandia kwa mpangilio anaoujua yeye, azungushe silinda, aifunge na kukukabidhi mdomo ukitazama kwenye shabaha. Piga kama kawaida. Nyundo ikiangukia risasi bandia hakuna mlipuko wa kuficha chochote, na nyote wawili mtaona mdomo ulifanya nini. Nilimfanyia hivi bwana mmoja mpigaji wa miaka mingi aliyekuja na malalamiko yale yale kama yako. Risasi ya kwanza ilikuwa halisi. Ya pili, nyundo ikasema "tak", na mdomo ukadidimia kama vidole viwili kwenda chini kushoto, halafu ukasimama hapo, wazi kabisa. Alitazama bastola, akanitazama mimi, akasema, "Hiyo ni mimi?" Hatukuhitaji mjadala.

Ukiona hivyo, kazi ni ya mazoezi ya bastola tupu nyumbani: chumba kisicho na risasi hata moja, ukuta imara mbele yako, sarafu juu ya mtutu nyuma ya kibapa, na uvute kifyatulio hadi nyundo ianguke bila sarafu kudondoka. Angalia mpini pia. Mpini mwembamba kwenye mkono mkubwa huzungukia pembeni kila ukivuta, na skrubu yake iliyolegea hulisogeza kundi kila siku mahali pengine.

Baada ya hapo, piga ukiwa umekaa, mikono juu ya gunia la mchanga. Gunia lishike mikono yako, mtutu usiguse kitu. Ukilaza mtutu au kitako cha mpini juu ya mbao ngumu, bastola itadunda na kupiga juu, nawe utarudi kuniandikia kwamba tatizo limegeuka. Koki nyundo kwanza, uvute taratibu. Kama kundi linaingia katikati ukiwa kwenye gunia lakini likaenda chini kushoto ukisimama, umeshamjua mkosaji. Kama una mpigaji mzuri karibu, mpe naye apige silinda moja bila kumwambia inapiga wapi.

Mpaka hapa tumezungumzia kundi liko wapi. Lile la risasi moja kukimbia ni ugonjwa mwingine kabisa, na mtu akiuchanganya na ule wa kwanza hatatibu wowote. Usijaribu kusogeza kundi ambalo bado halijajikusanya.

Rivolva inatofautiana na bastola ya magazini kwa jambo hili: ina chemba sita, na kila moja ni kama mwanzo wa mtutu mwingine. Tano zinaweza kuwa sawa na ya sita ikawa na kilema. Chukua kalamu ya wino mzito, andika namba 1 hadi 6 ubavuni mwa silinda, kando ya kila chemba. Bandika karatasi sita na kuziandika namba hizo hizo. Chemba ya 1 ipige karatasi ya 1 tu, ya 2 ya pili, uzunguke hivyo mara tano. Risasi thelathini, kwenye gunia, bila haraka. Kama ile inayokimbia iko kwenye karatasi ya 4 kila mara, bastola imekutajia jina. Kama imesambaa leo hapa kesho kule, rudi kwenye risasi zako au kwenye kidole chako.

Chemba ikishajulikana, bastola ikiwa tupu, anza kwa kulitazama koo lake, yaani ile sehemu nyembamba ya mbele ambayo risasi hupitia kabla ya kurukia mtutu. Kwa .38 vichwa vya madini laini ya risasi huwa na kipenyo cha inchi .358, na koo zuri ni .357 hadi .358. Huna haja ya maikromita ya bei. Chukua kichwa cha risasi kipya ambacho hakijafungwa kwenye ganda, kiingize kutokea mbele ya silinda. Kinapaswa kupita kwa kusukumwa na kidole, kikiwa kimebanwa kidogo. Kikianguka chenyewe, koo limepanuka na risasi inaingia kwenye mtutu ikiwa imeinama. Kikigoma, koo limebana, linakipunguza kichwa hadi kiwe chembamba kuliko mifereji ya mtutu, na mtutu hauwezi tena kukishika. Kama koo moja linakigomea na matano yanakipitisha, umempata.

Kisha komeo la silinda, yaani kile kijino kinachoifunga silinda isizunguke. Koki nyundo polepole sana huku kidole cha mkono mwingine kikiizuia silinda kidogo tu, kama breki nyepesi. Sikiliza. Komeo lazima lidumbukie kwenye tundu lake kabla nyundo haijafika mwisho na kukaa. Fanya hivyo kwa chemba zote sita. Ikitokea moja nyundo imeshakaa na silinda bado haijafungwa, chemba hiyo haiko sawasawa na mtutu risasi inapopigwa. Kichwa cha risasi kinakwaruza ukingo na vipande vyembamba vya risasi huruka pembeni. Kama waliosimama kando yako wamewahi kulalamika kuchomwa mashavuni, sababu ni hiyo. Hii si kazi ya nyumbani. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni, na usiipige tena kabla hajaitazama.

Mengine ni ya haraka. Mwanya kati ya silinda na mtutu upimwe kwa fila za mafundi magari, vile vijisahani vyembamba vya kupimia mianya. Kati ya milimita 0.10 na 0.20 hakuna neno. Fimbo ya kutolea maganda ikilegea au ikipinda, silinda huzunguka nzito upande mmoja. Tazama ukingo wa mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia: kovu dogo la kuanguka sakafuni linatosha kutawanya risasi. Na mulika tochi mahali mtutu unapoanza, pale palipochongwa kama faneli. Michirizi ya kijivu inayong'aa ni madini ya risasi yaliyogandamana. Brashi ya shaba, mafuta ya kusafishia na subira huyaondoa. Nimeona kundi la sentimita 15 likirudi kuwa la 6 kwa kusafishwa tu.

Kuna kitu kimoja cha .38 Special ambacho watu hawakifikirii. Ganda lake lilibuniwa mwaka 1898, wakati baruti nyeusi bado ilikuwa kipimo, na baruti hiyo ilihitaji nafasi kubwa. Baruti za leo hutumika kidogo sana, kwa hiyo ndani ya ganda kuna nafasi tupu na punje zinateleza. Ukiinua bastola kutoka chini kwenda kwenye shabaha, zinabaki mbele karibu na kichwa cha risasi. Ukiishusha kutoka juu, zinarudi nyuma karibu na fataki, yaani kile kiwashio cha nyuma ya ganda, na kasi ya risasi inaweza kubadilika. Kwa risasi fulani huoni tofauti; kwa nyingine kundi hurefuka juu-chini. Chagua namna moja ya kuiinua bastola na uifuate kila mara.

Haya. Tuseme umefanya yote hayo. Unatumia greni 158, mwenzako naye anapiga chini kwa gunia, kundi limejikusanya, na bado liko chini. Sasa fungua kabati, toa tupa. Funika mtutu kwa utepe mzito, bana bastola tupu kwenye jiliwa yenye mbao laini, na ukate juu ya kibapa kwa usawa. Piga tupa mara tatu nne, nenda ukapige risasi, rudi. Ukibakiza sentimita 1 hadi 2 za chini, acha. Siku nyingine mkono wako utakuwa umechoka kidogo, mwanga tofauti kidogo, na hicho ulichobakiza utakihitaji. Kukata kibapa hupandisha risasi tu. Kama bastola ingekuwa inapiga juu, kulichimba pengo la nyuma kusingesaidia, kwa sababu unalinganisha ncha, si kina.

Kushoto ni mambo mengine. Kilengeo cha mbele hufanya kinyume: kikienda kushoto, risasi inakwenda kulia. Kwa hiyo unaweza kupunguza ubavu wa kulia wa kibapa, au kupanua pengo la nyuma upande wa kulia, ila vyote viwili vina kikomo, kwani kibapa kikiwa chembamba mno au pengo pana mno jicho linapoteza mwanga ulio sawa pande mbili. Kwanza itazame bastola kwa nyuma. Kama kibapa chenyewe kimeinama kulia, mtutu haukukazwa hadi mahali pake. Kwenye mtutu wenye nyuzi za kawaida za kulia, kuukaza kidogo husogeza kibapa kushoto na risasi kulia. Kwa nusu milimita yako ni chini ya digrii 2. Fundi ana banio la kuishika fremu kwa umbo lake lote. Yule atakayekuambia ataingiza mpini wa nyundo ndani ya fremu na kuzungusha, mpokonye bastola yako uondoke, maana fremu hupinda hivyo hivyo.

Anza na boksi la greni 158 na zile karatasi sita. Ukiniandikia tena, niambie ni namba ngapi inayokimbia, na kichwa cha .358 kinapitaje kwenye koo lake.